Sura ya 7: Pale Mpira Unapokutana na Fimbo

Gari la muosha madirisha wa Uingereza siku hizi linabeba ngazi kwa mazoea tu. Ndani yake kuna tangi la maji, pampu ndogo ya volti 12, betri, vichujio, na rili yenye mpira wa mita 100. Mwenye gari husimama chini, ameshika fimbo ya kaboni inayorefushwa kipande kwa kipande mpaka ghorofa ya tatu au ya nne. Brashi iliyo kileleni inatoa maji yaliyochujwa hadi yakaishiwa chokaa na chumvi. Anasugua, anasuuza, anahamia dirisha la pili. Kioo kinakauka chenyewe bila doa, kwa kuwa maji yale hayana kitu cha kuacha nyuma.

Kilichomshusha chini ni sheria pamoja na woga wa kuvunjika kiuno. Kanuni za kazi za juu zilizoanza kutumika Uingereza Aprili 2005 zinamtaka mwajiri asimpandishe mtu juu ikiwa kazi yenyewe inaweza kufanyika akiwa chini. Fimbo ya maji ikawa jibu. Lakini mtu wa ngazi alihitaji ndoo na kitambaa. Mtu wa fimbo anahitaji maji yasafiri kutoka tangini hadi kileleni pasipo kukatika. Njiani yanapita maungio. Tangi na pampu, pampu na rili, rili na mpira, mpira na kimpira kinachopanda ndani ya fimbo, kimpira na brashi. Fimbo nzuri hununuliwa kwa mamia ya pauni, na kiungio kwa pauni chache, na bado kiungio ndicho kinachoamua kama nyumba kumi zitakamilika kabla ya jioni.

Sura hii inakaa hasa kwenye ungio moja, lile la mpira na fimbo, kwa sababu ndilo pekee linalofunguliwa na kufungwa siku nzima, linaloburutwa kwenye changarawe, linaloangushwa kwenye lami na kukanyagwa na mwenyewe.

Kwanza niondoe hofu moja inayowapotezea watu pesa. Mafundi wengi huchagua kiungio kwa kuchungulia tundu lake: likionekana jembamba, wanadhani litawanyima maji. Hesabu haiwaungi mkono. Pitisha lita 2 za maji kwa dakika, kiasi cha kawaida kwa kazi hii, katika mpira wa mita 100 wenye tundu la milimita 6, na msuguano utakula karibu bar 4 za presha. Chukua mpira wa milimita 8, hasara inashuka hadi kama bar 1. Kuyapandisha maji hayo mita 10 juu kunachukua bar 1 nyingine. Pampu nyingi za kazi hii hujizima presha ikifika psi 100, yaani takriban bar 7. Sasa weka katikati kiungio chenye tundu la milimita 5: hasara yake haifiki hata sehemu moja ya kumi ya bar. Mwenye maji machache kileleni autazame mpira wake kabla ya kukilaumu kiungio. Isipokuwa tu kama kipande cha plastiki au punje ya mchanga imekwama ndani na kuacha upenyo wa milimita 2. Hapo hasara huruka na kukaribia bar nzima, na brashi inaanza kutema badala ya kumwaga.

Kwa hiyo tundu liache. Cha kuuliza ni kama kiungio kitashikilia mpira ukiburutwa kuzunguka kona ya nyumba, kama kitapita kwenye ukingo wa ngazi ya mlangoni bila kunasa, na kama mikono iliyovaa glavu na kufa ganzi kwa baridi ya Januari itaweza kukifungua. Uliza pia kama pete yake ya mpira inabadilishika. Kiungio ambacho pete yake haitoki ni cha kutupa hata kikiwa kipya.

Vile vinavyojulikana na kila mtu ni vya plastiki vya bustanini, ambavyo unavisukuma vikalia "tik". Kampuni ya Gardena ya mjini Ulm, Ujerumani, iliingiza mfumo wake sokoni mwaka 1968, na tangu hapo umeigwa kila mahali. Hata maduka ya vifaa ya Kariakoo na katikati ya Nairobi yamejaa vya rangi ya chungwa na njano. Kwa kumwagilia mchicha sivilaumu. Kwa kazi ya fimbo, mimi nisingeviweka isipokuwa kati ya bomba la nyumbani na tangi. Ni vinene, vina mabega yanayonasa kwenye kila kona, na ukivivuta kwa pembe mbaya pete ya nje inarudi nyuma na mpira unajichomoa wenyewe. Majira ya baridi plastiki yake inakuwa ngumu na kucha za ndani zinakatika moja baada ya nyingine. Faida yao ni kwamba ukikwama Jumamosi jioni, utakipata kingine dukani.

Wengi waliokaa katika kazi hii wamehamia kwenye viungio vidogo vya chuma vya gololi. Aliyewahi kumtazama fundi pancha akichomoa mpira wa kompresa ameshakiona kifaa chenyewe: unarudisha pete ya nje kwa vidole, gololi zilizozunguka mdomo zinalegea, dume linatoka. Waingereza wa kazi hii wamependa zaidi aina iitwayo Rectus 21, iliyoanzia Ujerumani. Ni nyembamba, inateleza kwenye kona, na haifunguki kwa bahati mbaya. Tahadhari yake ni moja. Viungio vya gololi vipo vya maumbo mengi yanayofanana kwa macho: vya hewa vya Kiingereza, vya hewa vya Ulaya bara, vya Kimarekani. Dume la aina moja litaingia nusu kwenye jike la aina nyingine, likakaa kana kwamba limefunga, kisha likaruka pampu ikiwashwa. Chagua aina moja, uishike kwa fimbo zako zote, na usikubali cha bure kutoka kwa jirani kama si cha aina hiyo.

Jike liwe lile linalojifunga lenyewe likiachiwa, na likae upande wa mpira. Dume lisilo na vali likae upande wa fimbo. Hivyo unaweza kuchomoa fimbo fupi na kuchomeka ndefu bila kurudi garini kuzima pampu, na bila kuoga. Watu huligeuza, wanaweka jike kwenye fimbo, kisha wanashangaa kwa nini kila wakibadilisha fimbo mita 100 za mpira zinawamwagikia viatuni.

Ndani ya fimbo mambo ni tofauti. Kimpira kinachopanda ni chembamba, mara nyingi milimita 8 kwa nje na 5 kwa ndani, na kileleni kinagawanyika kwenda kwenye matundu mawili ya brashi. Hapo hutumika viungio vya kusukuma, ambavyo John Guest wa Uingereza ndiye jina linalotajwa zaidi: unakiingiza kimpira, meno madogo ya chuma yanakishika kwa nje, pete ya ndani inaziba. Hapa ndipo wageni wa kazi hukosea kununua, kwa sababu mpira mkubwa hupimwa tundu lake la ndani, ilhali kimpira cha kusukuma hupimwa unene wake wa nje. "Milimita nane" ya dukani inaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa.

Kimpira hicho kikatwe wima kwa kikatio chenye makali, si kwa meno wala kisu butu cha jikoni. Kikikatwa mshazari hakigusi sakafu ya kiungio, na pete inabaki imeegemea upande mmoja. Kila unapokichomoa, meno yanaacha mikwaruzo kwenye ngozi yake; ukikirudisha vilevile, maji yanapita kwenye mikwaruzo hiyo. Kata sentimita moja, ingiza upya. Ndiyo maana kimpira kisikatwe kifupi siku ya kwanza. Kiachie mkia wa mita moja hivi utokeze chini ya fimbo, pia kwa sababu viungio hivi vinachukia kupindwa: kimpira kikivutwa ubavuni, kinaanza kudondosha hata kama kila kitu ni kipya.

Nimetaja pete mara kadhaa, na sasa nifike kwake, maana sehemu kubwa ya matunzo ya kiungio ni matunzo ya pete hiyo. Mafundi wetu huiita oringi. Aliyeipa umbo la kisasa ni Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark aliyehamia Marekani, aliyeomba hataza yake mwaka 1937 akiwa amevuka miaka 70 na kuipata mwaka 1939. Wakati wa vita serikali ya Marekani iliufungua uvumbuzi huo kwa viwanda, na ukaenea katika mifumo ya breki na haidroli za ndege. Alichokigundua Christensen ni kwamba pete isibanwe ikajaa mfereji wake. Iachiwe nafasi: mfereji uwe mpana kama mara moja na nusu ya unene wa pete. Presha ikija, pete inasukumwa upande wa pili wa mfereji na kujikandamiza penye upenyo. Yaani presha inayotaka kuvuja ndiyo inayoziba.

Ukilielewa hilo, unaweza kusoma uvujaji kwa macho. Kiungio kinachodondosha maji pampu ikiwa polepole, kisha kikanyamaza ukiongeza kasi, kina pete iliyolala: imebanwa miezi mingi, imepoteza uduara wake, haigusi ukuta mpaka isukumwe. Kibadilishe pete, mwili wake ni mzima. Kinachodondosha zaidi kadiri presha inavyopanda kina pete iliyokatika au ya saizi isiyo yake, au ufa. Na kama maji yanatoka nyuma, kwenye shingo ambako mpira umevalishwa, pete haihusiki hata kidogo, ni klipu. Wapo wanaobadilisha kiungio kizima kwa hali zote tatu, na wauzaji hawawakatazi.

Pete hupimwa kwa namba mbili, kipenyo cha ndani na unene wa uzi wake, zote kwa milimita. Inayokaribia haitoshi. Kuna pia swali la aina ya mpira, na rangi haikusaidii kwa sababu nyingi ni nyeusi. Nitrili ndiyo ya kawaida: inavumilia mafuta, lakini jua na hewa vinaipasua taratibu. EPDM inavumilia jua, na pia maji ya moto, ambayo baadhi ya waosha madirisha hutumia wakati wa baridi. Ila EPDM ina adui, nayo ni mafuta ya petroli na jamaa zake wote. Mafuta ya mgando ya kujipaka, yale ya kopo la bluu au la njano lililo karibu kila nyumba, ni zao la petroli. Ukiyapaka kwenye pete ya EPDM inavimba, inatoka mferejini, na siku ya pili kiungio hakiingii tena. Grisi ya gari ni hivyo hivyo.

Tumia grisi ya silikoni, kiasi cha kuifanya pete ing'ae tu. Ikizidi, maji yanaibeba hadi kwenye brashi na kutoka hapo hadi kwenye kioo, na silikoni kwenye kioo huyafukuza maji: yanagawanyika vipande badala ya kutiririka kama shuka, na doa linabaki. Mteja hatajua ni grisi. Atasema hukuosha.

Gololi nazo zinataka usafi kuliko mafuta. Mchanga ukiingia chini ya pete ya nje, gololi moja inakwama na dume linakaa upande. Kiungio kilazwe kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, pete ya nje irudishwe na kuachiwa mara kadhaa, kisha kisuuzwe kwa maji yale yale safi ya kazi. Pete ya nje iliyobonyea kwa kuanguka ni vigumu kuinyoosha. Ukiona haizunguki huru, kipe kazi ya kujaza tangi na ununue kingine cha fimbo.

Kuhusu klipu, ile ya skrubu inayozunguka mpira ilipewa hataza Uingereza mwaka 1921 na Lumley Robinson, aliyekuwa ofisa wa jeshi la wanamaji, na Waingereza mpaka leo huiita kwa jina lake la biashara, Jubilee. Inafaa garini, karibu na pampu, ambako haisogei. Kwenye mwisho wa mpira unaoburutwa ni balaa: kichwa cha skrubu kinakwaruza rangi ya magari ya wateja na mkia wake unachana kiganja. Hapo weka klipu ya sikio, ile inayobanwa mara moja kwa koleo na haina kitu kinachochomoza. Kabla ya kuvalisha, chovya ncha ya mpira kwenye maji ya moto ulainike, usukume upite vipele vyote vya shingo. Mpira uliosimama kwenye kipele cha kwanza utashikilia mpaka utakapokuwa na haraka.

Sasa madini. Viungio vingi vya chuma ni vya brasi, mchanganyiko wa shaba na zinki, na maji yaliyoondolewa madini yote yana njaa: huchukua kidogo kidogo kutoka kwenye chuma yanachokigusa. Kwenye brasi ya kawaida zinki ndiyo inayoondoka, na kinachobaki ni shaba nyekundu yenye vitundu visivyoonekana. Maji yakipita tu, athari ni ndogo mno. Yakilala humo wiki nzima, ni jambo jingine. Chuma cha pua kinaepusha yote hayo kwa bei ya juu. Naona brasi inatosha kwa anayefanya kazi kila siku na kumwaga maji jioni, na chuma cha pua kinamfaa zaidi anayefanya kazi mwisho wa wiki tu, kwa sababu vifaa vyake ndivyo vinavyolala na maji.

Baridi ya Ulaya ina hila yake. Maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9, na jike linalojifunga lenyewe ni chumba kisicho na mlango: limeyafungia maji ndani, na usiku wa nyuzi 5 chini ya sifuri linapasuka mwilini au vali yake inapinda. Jioni chomeka fimbo, zima pampu, acha presha itoke kupitia brashi, kisha tenganisha na kutikisa. Presha iliyofungiwa ndiyo pia inayomfanya mtu asubuhi ahangaike kusukuma dume lisiloingia, akidhani kiungio kimeharibika.

Kwenye joto shida inageuka. Mpira ulioachwa juani Muscat, Dubai au Dar es Salaam unalainika, na klipu iliyokazwa asubuhi inakuwa imelegea saa nane mchana. Kaza tena baada ya siku ya kwanza ya jua, kisha iache. Majengo marefu ya kioo ya miji hiyo, na ya Upper Hill kule Nairobi, ni kazi ya kamba na vitanda vya kuning'inia, fimbo haiyafikii. Fimbo ina nafasi yake kwenye maduka ya magari, hoteli za ghorofa tatu, na sasa paneli za sola, ambazo vumbi linazipunguzia umeme na ambazo hakuna anayetaka kuzikanyaga. Huku kwetu maji ya visima mara nyingi yana chumvi na chokaa, kwa hiyo viungio vilivyo kabla ya kichujio vinaota ukoko mweupe unaozuia vali kufunga. Siki ya kawaida inauyeyusha. Toa pete kwanza, loweka chuma peke yake, suuza vizuri.

Mwisho ni thredi, na hapa mnunuzi wa Afrika Mashariki ana mtego ambao Mwingereza hukutana nao kwa nadra. Mabomba yetu yalirithi BSP ya Uingereza, ambayo pembe ya thredi yake ni nyuzi 55, kipimo cha Joseph Whitworth cha mwaka 1841. Pampu na vichujio vinavyoagizwa kutoka Marekani vinakuja na NPT, ya nyuzi 60. Kwenye robo inchi utagundua mapema, kwa sababu thredi ni 18 kwa inchi upande mmoja na 19 upande mwingine. Lakini nusu inchi na robo tatu zote zina thredi 14 kwa inchi katika mifumo yote miwili, kwa hiyo kiungio kinaingia vizuri, kinazunguka, kisha kinagoma. Fundi anaongeza tepu nyeupe na kuchukua spana. Usifike huko. Funga kwanza kwa vidole bila tepu. Kikigoma mapema, kitoe na utafute adapta ya NPT kwenda BSP, kwa sababu ukikilazimisha, kitakachopasuka ni kichwa cha plastiki cha pampu, na brasi itabaki bila mkwaruzo.